Istilahi za Uundaji wa Vigari vya Skeli

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wetu limo moja lenye kazi nyingi mno kwao: hutaja magamba ya samaki, mizani ya dukani, ngazi ya mshahara, na pia uhusiano uliopo kati ya urefu wa kitu kilichochorwa na urefu wa kitu chenyewe. Kwa maana tatu za kwanza Kiswahili hakina shida, kwani kila moja ina neno lake la siku nyingi. Ni hiyo ya nne inayoleta mzozo. Wako wanaoiita kipimo, wako wanaoiita kipimio, wako wanaoiita uwiano, na wengi, hasa walimu wa jiografia, huiita skeli. Wengine hutumia maneno yote manne katika ukurasa mmoja, wakidhani kuwa wanaepuka kurudiarudia.

Katika makala haya nitajaribu kulieleza jambo hili, pamoja na istilahi nyingine zilizo jirani nalo, kwa kufuata kazi ambayo huenda ikaonekana ya mchezo: kuunda gari dogo linalofuata vipimo vya gari halisi, na kulitengenezea kwa mkono vifaa vyake vya ziada. Nimeichagua kazi hii kwa sababu neno likipotoka, kitu nacho hupotoka, na kosa huonekana mezani kabla gundi haijakauka. Katika barua na taarifa za ofisini kosa la namna hiyo huweza kukaa miaka.

Tuanze na gari halisi. Land Rover yenye namba 109 ilijulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki, maana ilibeba maafisa, askari, wagonjwa na hata mbuzi. Wengi waliitaja namba hiyo bila kutambua kwamba ni kipimo: ni inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma, yaani milimita 2,769 hivi. Fundi anayetaka kuiunda kwa skeli ya 1:24 hugawa kila kipimo kwa 24. Umbali kati ya ekseli huwa milimita 115. Urefu wa gari zima, ambao ni kama meta 4.44, huwa milimita 185, na upana, ambao ni kama meta 1.69, huwa milimita 70. Tairi lenye kimo cha sentimita 80 hivi huwa na kimo cha milimita 33. Vipimo ni vingi na kila kimoja ni cha kitu chake. Skeli ni moja tu, nayo si ya kitu chochote bali ni ya uhusiano.

Sasa mwambie fundi huyo, "Ongeza kipimo cha mlango." Atakata mlango mkubwa zaidi. Mwambie, "Ongeza skeli." Hapana budi aweke kando kila alichokata na kuanza upya, kwa kuwa amri hiyo imegusa gari zima, toka bampa hadi nati za gurudumu. Amri mbili zilizo mbali kiasi hicho haziwezi kubebwa na neno moja. Kwa hiyo neno kipimo libaki na kazi yake ya asili, na lisipewe kazi ya skeli.

Kipimio nalo lina kazi nyingine. Kwa umbo lake ni chombo cha kupimia, kama vile rula, na mwanafunzi anayesoma "kipimio cha ramani" ana haki ya kutafuta chombo. Uwiano ni neno zuri ila ni pana. Kuna uwiano wa walimu na wanafunzi, uwiano wa saruji na mchanga, uwiano wa kura. Skeli ni aina moja tu ya uwiano, ule wa urefu kwa urefu, na unapoandikwa kwa tarakimu hauna haja ya kutajiwa inchi wala milimita. Najua wapo wanaonung'unika kwamba skeli ni neno la mkopo. Shule pia ni mkopo, tena kutoka Ujerumani, na sijasikia mtu akidai lirudishwe.

Kuna mtego mmoja ambao mfasiri hana budi kuujua. Skeli ya 1:12 ni kubwa kuliko skeli ya 1:24, ingawa 24 ni namba kubwa kuliko 12. Kinachogawanywa kwa 12 hubaki kikubwa zaidi. Land Rover yetu kwa 1:12 ingekuwa na milimita 231 kati ya ekseli badala ya 115. Ramani hufuata kanuni hiyo hiyo: ya 1:50,000 ni ya skeli kubwa kuliko ya 1:250,000, kwa hiyo huonyesha eneo dogo kwa undani zaidi. Afisa anayetaka kuona mipaka ya vijiji, kisha akaandika tu kwamba anahitaji "ramani kubwa", au akachagua yenye namba kubwa, yamkini ataletewa karatasi ambayo kijiji kizima ni nukta. Njia salama ni kutaja skeli kwa tarakimu, na anayetumia sifa "kubwa" na "ndogo" aikumbuke kanuni hii.

Tena skeli inapoongezwa mara mbili si kila kitu huongezeka mara mbili. Urefu huongezeka mara 2, eneo la kupakwa rangi mara 4, na ujazo mara 8. Ndiyo maana mtu anayehama kutoka 1:24 kwenda 1:12 hushangaa kuona kopo lake la rangi limekwisha mapema.

Huenda msomaji akauliza namba hizi zilitoka wapi. Nyingi ni watoto wa futi na inchi. Skeli ya 1:12 ni inchi moja kwa kila futi, na 1:24 ni nusu inchi kwa futi. Namba 43, inayotumiwa mno kwa magari madogo ya chuma ya Ulaya, inaonekana haina maana yoyote mpaka ukumbuke treni za kuchezea za Uingereza zilizotengenezwa kwa kipimo cha milimita 7 kwa futi. Futi moja ni milimita 304.8, gawa kwa 7 upate 43.5. Yako pia magari madogo yasiyofuata skeli moja. Vigari vya Matchbox vya kampuni ya Lesney ya London, vilivyoanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1953, vilifanywa vienee katika kijisanduku kama cha kiberiti. Inasimuliwa kuwa Jack Odell alimtengenezea binti yake kigari cha kushindilia barabara kwa sababu shuleni kwao waliruhusiwa tu vitu vya kuchezea vinavyoingia katika sanduku la kiberiti. Basi kwa kuwa sanduku halibadiliki, lori hupunguzwa zaidi kuliko gari dogo, na vikiwekwa pamoja basi la abiria huweza kulingana urefu na teksi. Hivyo ni vigari, na ni vizuri, lakini kundi lake halina skeli moja.

Nimelitumia neno kigari, nalo lastahili maelezo. Kwa kitu hiki wafasiri huandika "mfano wa gari", nami naliona neno hilo lina udhaifu. "Mfano wa gari" huweza kuwa gari lolote lililotajwa ili kufafanua hoja, na "gari la mfano" huonekana kama "shule ya mfano", yaani lile linalostahili kuigwa na mengine. Modeli tayari imetwaliwa na mafundi na wafanyabiashara, ambao wakisema "modeli ya 1985" wana maana ya toleo la mwaka huo. Sanamu hutufikisha kwenye kinyago. Lakini lugha yetu imejaliwa kiambishi cha udogo, ambacho lugha nyingi hukitafuta kwa maneno mawili matatu: jahazi na kijahazi, nyumba na kijumba, gari na kigari. Vijahazi vinavyochongwa Lamu havikungoja kamati iwape jina. Upungufu wa kigari ni kwamba huweza pia kuwa mkokoteni, au gari halisi lililo dogo, au gari linalodharauliwa. Tukiongeza neno moja upungufu huo huondoka: kigari cha skeli. Pale panapotakiwa jina la jumla, kwa majengo, meli na mashine, "mfano wa skeli" linatosha, kwa kuwa skeli humwongoza msomaji asipotee.

Baada ya jina tuingie katika vitenzi, ambako naona ndiko wafasiri hupoteza zaidi. Kuna njia tatu za kupata kigari cha skeli, na maelekezo mengi niliyoyaona yameziita zote "kutengeneza".

Njia ya kwanza ni kununua vipande vilivyokwisha kuumbwa kiwandani kwa plastiki na kuvishikamanisha kwa gundi. Mfuko au sanduku la vipande hivyo huitwa seti. (Jaribio la kulitohoa neno la Kiingereza lingetupatia "kiti", na mnunuzi angefungua sanduku akitarajia kukaa.) Kitenzi cha kazi hii ni kuunganisha.

Njia ya pili ni kuchukua seti hiyo na kuibadilisha iwe gari jingine: kukata paa, kurefusha chesisi, kuhamisha mlango, kubadili magurudumu. Mwaka 1958 kampuni ya AMT ya Marekani ilianza kuuza seti za 1:25 ambazo sanduku moja lilikuwa na vipande vya kuunganishia gari la namna tatu, kama lilivyotoka kiwandani, au lililobadilishwa kwa kupenda kwa mwenyewe, au la mashindano. Hii namna ya katikati ndiyo inayotuletea taabu ya istilahi. Nimeona mahali imefasiriwa "gari lililobinafsishwa". Tangu miaka ya 1990 kila msomaji wa gazeti anajua kilichobinafsishwa ni nini: ni viwanda, mabenki na mashirika ya umma yaliyouzwa. Gari lililobinafsishwa basi ni lile lililokuwa mali ya serikali hadi juzi. Napendekeza kitenzi kugeuza, kwa maana kigari kilichogeuzwa bado chaonyesha kilikotoka, kama kanzu iliyogeuzwa kuwa shati.

Njia ya tatu ni kuanza bila kipande chochote cha kiwandani: mbao, bati, waya, karatasi na subira. Hapa Kiswahili kina neno lililokuwapo pwani tangu enzi za mababu. Jahazi haliunganishwi wala haligeuzwi; huundwa. Kuunda ni kutoa chombo kamili katika mali ghafi, na mwenye kuunda ni mwunzi. Sioni sababu ya kutafuta neno jingine.

Kuunda kwa maana hii kulikuwa shule kwa vijana wengi wa Marekani. Toka mwaka 1930 hadi 1968 tawi la mabodi la General Motors liliendesha mashindano ya vijana yaliyoitwa Fisher Body Craftsman's Guild. Kwanza walitakiwa kuunda kigari cha kifalme cha kukokotwa na farasi, baadaye magari waliyoyabuni wenyewe kwa skeli ya 1:12, na washindi walilipiwa masomo ya chuo kikuu. Charles Jordan, aliyeshinda mwaka 1947, hatimaye alikuwa mkuu wa usanifu wa magari wa kampuni hiyo hiyo.

Na magari ya waya ya watoto wetu je? Yameundwa, pasi na shaka: fremu ya waya, bodi ya bati la kopo, magurudumu ya vizibo au ya soli za kandambili, na waya mrefu unaofika mkononi mwa mtoto ukiwa na usukani unaozungusha magurudumu ya mbele. Lakini hayana skeli. Usukani ni mkubwa kuliko gurudumu, kwa sababu kwa mtoto usukani ndio gari. Kuyaita magari hayo vigari vya skeli kungekuwa kuyakosea heshima, kwani yanafuata sheria nyingine.

Tufike sasa kwenye vifaa vinavyobebwa na gari. Land Rover ya safari haikutoka ghalani ikiwa tupu. Juu ina keria, na juu ya keria mna madumu, turubai, kamba na tairi la akiba. Ubavuni pana sepetu. Ndani mna jeki. Vitu hivi kwa pamoja tuviite nini? Si vipuri, kwa sababu kipuri huchukua mahali pa kitu kilichoharibika, na keria haichukui mahali pa kitu. Si mapambo, maana hakuna ajipambaye kwa jeki. Si viambatisho, neno ambalo makarani wamelifunga kwa pini katika mafaili. Katika nyaraka "vifaa vya ziada" linafaa. Midomoni mwa watu nasikia vikorokoro, nami nakiri kulipenda: lina sauti ya vitu vinavyogongana juu ya paa njiani. Lina harufu kidogo ya dharau, kwa hiyo sitalipeleka kwenye mkataba wa ununuzi.

Chukua dumu la chuma la lita 20, ambalo wengine huliita jerikeni. Kimo chake ni kama milimita 470, upana 345 na unene 165. Kwa 1:24 tunapata takriban 20 kwa 14 kwa 7. Mwunzi huweza kulitoa katika kipande cha mbao laini, au akabandika pamoja vipande vya plastiki bapa, akakisawazisha kwa tupa na msasa, kisha akachora kwa ncha ya kisu mfinyo wa umbo la msalaba ulio kwenye kila ubavu. Vishikio vya dumu hilo ni vitatu vilivyo sambamba, wala si kimoja. Sababu ni kwamba cha katikati humfaa mtu mmoja aliyebeba dumu lililojaa, na vya pembeni huwafaa watu wawili wakilichukua pamoja. Tena mtu mmoja huweza kushika madumu mawili matupu kwa mkono mmoja. Anayeweka kishikio kimoja ameunda kisanduku. Vishikio hivyo hukatwa katika waya mwembamba na kutiwa katika matundu yaliyotobolewa kwa keekee ndogo.

Na ujazo? Hapa ndipo skeli huonyesha ukali wake. Urefu umegawanywa kwa 24, lakini ujazo umegawanywa kwa 24 mara 24 mara 24, yaani 13,824. Lita 20 zimekuwa chini kidogo ya mililita 1.5, kiasi kisichofika hata theluthi ya kijiko cha chai. Mwalimu wa hesabu anayetafuta njia ya kueleza mara tatu ya kipeo anaweza kufanya vibaya zaidi kuliko kuunda dumu moja.

Keria ni rahisi zaidi. Bomba la milimita 25 hupungua na kuwa milimita 1, na waya wa unene huo hupatikana. Waya hukunjwa kwa koleo na viungo hutiwa lehemu. Kamba hutokana na uzi wa kushonea uliosokotwa. Turubai lisitengenezwe kwa kitambaa hata kidogo, maana kitambaa hakikubali kupunguzwa: nyuzi zake zitaonekana kama kamba za meli na mikunjo yake itakuwa migumu. Karatasi laini iliyoloweshwa gundi ya maji hukunjika vizuri zaidi.

Jambo hili la turubai latufikisha kwenye mpaka wa skeli. Bati la bodi la gari, tukilikadiria kuwa na unene wa milimita 1, lingepaswa kuwa na milimita 0.04, jembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Plastiki ya seti yenye unene wa milimita 1 inawakilisha ukuta wa milimita 24. Rangi ya gari halisi, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ingekuwa milimita 0.004, na hakuna brashi iwezayo kupaka hivyo. Kwa hiyo mafundi hupuliza rangi iliyozimuliwa sana, na hukwangua kingo za madirisha na madigadi kwa ndani ili jicho lidhani kuwa bodi yote ni nyembamba. Hata vumbi ni vilevile. Chembe ya milimita 0.1 iliyookotwa barabarani, juu ya kigari cha 1:24, ni kokoto ya milimita 2.4. Anayetaka vumbi la Dodoma hana budi kusaga chaki ya rangi mpaka iwe kama poda.

Kwa hiyo tunahitaji maneno mawili ambayo hatujayatenganisha vizuri. Kuna usahihi unaothibitishwa kwa rula, na kuna usahihi unaothibitishwa kwa jicho. Wa kwanza waweza kuitwa usahihi wa vipimo. Wa pili wengine huuita uhalisi, ila neno hilo lina kazi kubwa katika fasihi, nami ningependa "mfanano" litumike: kigari chaweza kuwa sahihi kwa vipimo na kikakosa mfanano kwa sababu ya rangi nene.

Leo ziko mashine zinazounda kifaa kwa kutandaza plastiki tabaka kwa tabaka kufuata mchoro wa kompyuta, na swali limezuka kama dumu lililotoka humo ni la mkono. Kwa istilahi naona si la mkono, ingawa aliyechora ni mtu. Liitwe kifaa cha kuchapwa, na neno "cha mkono" lihifadhiwe kwa kile kilichopitiwa na tupa.

Limebaki jina la kazi ya mwisho, ile ya kulifanya gari jipya lionekane limekwisha kupita mvua na jua: kutia kutu kwenye bampa, kufifisha rangi ya boneti, kupaka tope chini ya madigadi. Kuchakaza lina maana ya kuharibu kweli, na hapa hakuna kilichoharibiwa. Kuzeesha lina uhai zaidi, lakini huwafaa watu na ngozi kuliko mabati. Nimefikiria "kukongoresha", kwa kuwa gari la namna hiyo huitwa mkweche au kongoroka, nikaona ni kulilazimisha neno. Wasomaji walio karibu na gereji na wapaka rangi, ambao huenda wamelisikia neno lililo hai, wanaombwa waliandike pamoja na sentensi lilimotumika na mahali walipolisikia.